Hapana ya Kwanza

Watu wa Mayo, kwenye pwani ya Atlantiki, wana kitendawili wasichokitega kwa mdomo, wanakiishi tu: nakitaka, napewa, nakikataa. Jibu lake ni chai. Ukiingia nyumba ya mtu kule, mwenyeji akasema karibu chai, unamwambia hapana, asante, nimetoka kunywa sasa hivi, hata kama koo limekukauka kama gunia. Atasema, kidogo tu. Utasema, usijisumbue, mama. Yeye ataweka birika motoni bila kukutazama, atakukaribisha mara ya tatu, na hapo ndipo unapovuta kiti. Ya kwanza ni heshima, ya pili ni mazoea, ya tatu ndiyo kweli. Anayekubali ya kwanza ama ana njaa ya siku nyingi ama hana malezi.

Attracta Lavelle alilelewa vizuri. Ndiyo maana jioni ile, safarini kwa baiskeli, walipokaa kwenye ukuta wa mawe wakinywa chai ya chupa, Malachy Gaughan alipomwambia, huku anatazama gurudumu la baiskeli yake badala ya uso wa mtu, "Attracta, unaonaje tukioana, mimi na wewe?" yeye alicheka akasema, "Acha mzaha, Malachy. Kizee kama mimi? Utapata tabu bure."

Na moyo wake ulikuwa umeshasema ndiyo kabla swali halijafika mwisho.

Akangoja aulizwe tena. Malachy alikohoa, akasema upepo umegeuka, akaenda kutia mafuta mnyororo wake. Basi. Attracta hakuingiwa na hofu. Safari ilikuwa bado ndefu, na mwanamume ana haki ya kupumua kati ya swali na swali. Alikuwa mjane wa miaka mingi. Siku moja ya kungoja haikuwa kitu kwake.

Walikuwa watu watatu, wote wamestaafu. Malachy alipeleka barua vijijini maisha yake yote, hakuoa, aliishi na dada yake Winifred, na mdomo wake haukupumzika isipokuwa akilala. Concepta alikuwa msusi, mwanamke mwenye kifua kipana na ulimi wa wembe. Attracta alipika chakula cha watoto wa shule. Kila mwezi wa tisa, watalii wakisharudi kwao, walichukua baiskeli zao wakaifuata bahari, mwaka huu huku, mwaka ule kule. Safari hii walitoka Ballycastle wanakwenda Belmullet, si kwa barabara kuu, bali kwa kijia cha lami kinachopita juu ya majabali, ambako mkono wa kulia ni Atlantiki, mkono wa kushoto ni kinamasi cheusi, na katikati ni wewe na upepo wako.

Kila mlima Malachy alikuwa na kitendawili chake. Alisema kinapunguza uzito wa pedali.

"Kitendawili!" alipaza sauti asubuhi iliyofuata, mlimani.

"Tega," alijibu Concepta, akihema, "maana hatuna pa kukimbilia."

"Ng'ombe wangu mweupe kila siku anapanda pwani kula majani, na hajawahi kuyafikia majani."

"Wimbi," alisema Concepta.

Wakaendelea kukanyaga pedali. Upepo uliwapiga kifuani. Waliweza kusikia minyororo ikilia na kondoo wakikohoa bondeni, na hapo Attracta akageuza shingo, kwa sababu kulikuwa na kitu kinakosekana. Malachy hakuwahi kukubali jibu la mtu. Hata ukipata, atakuambia umekaribia lakini siyo, toa mji, na ukimpa mji atautaka na wa pili. Leo Concepta kajibu, na Malachy kanyamaza.

Alikuwa nyuma yao kidogo. Uso wake ulikuwa na rangi ya maji ya majivu. Jasho lilimtiririka katika baridi ile, na mkono wake wa kushoto haukushika usukani. Ulining'inia, ukijifumba na kujifumbua, kama unaotafuta kitu cha kushika hewani.

"Malachy, teremka," alisema Attracta.

"Ya nini? Niko sawa."

"Teremka nimekwambia!"

Akateremka. Hakuiegemeza baiskeli, aliiacha ianguke, naye akakaa kwenye majani ya kando ya njia. "Niko sawa kabisa," alisema. Ni neno la kule hilo. Mtu akianguka kisimani anasema niko sawa. Katika nusu ya makaburi ya Mayo wamelala watu waliokuwa sawa kabisa.

Concepta alimgusa paji la uso kwa mkono wa mtu aliyeshika vichwa vingi. Alimtazama Attracta, wala hakutoa utani wowote.

Ndipo gari likaja. Lilikuwa gari dogo la mizigo, linanuka samaki kabla hujaliona, na lilikuwa la kwanza tangu walipofungua macho. Likasimama lenyewe. Dereva, mwanamume mwenye kofia ya sufu na macho ya upole, akashusha kioo.

"Mzee anaumwa?" aliuliza. "Nawapeleka mjini. Baiskeli nyuma, na samaki. Hakuna shida."

Malachy aliinua mkono. "Hapana, ndugu yangu, asante. Tunapumzika tu."

"Usijisumbue, una kazi zako," alisema Concepta, huku anafunga mkoba wake.

Na Attracta? Attracta alikuwa ameshainyanyua baiskeli ya Malachy, ameikumbatia, anaipeleka nyuma ya gari. Mdomo wake ulisema, "Tusikupotezee muda, baba."

Ndivyo inavyofanyika. Mdomo unakataa na mikono inafunga mizigo.

Dereva aliwatazama mmoja mmoja. Akaitazama baiskeli mikononi mwa Attracta. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeheshimu matakwa ya watu wazima wenye akili zao. "Haya. Siku njema," alisema, na gari likaondoka.

Attracta alibaki na baiskeli kifuani.

"Anakwenda wapi?" aliuliza Concepta.

"Hajauliza tena."

"Anakwenda wapi yule?"

"Concepta, hajauliza tena! Hukumsikia anavyosema? Si mtu wa huku. Ni mmoja wa wale Wabrazili wa kiwanda cha samaki."

"Kwani kwao hapana ni hapana?"

"Naona kwao hapana ni hapana."

"Yesu wangu," alisema Concepta. "Watu hao wanaishije?"

Wakakimbia. Wanawake wawili wa miaka sitini na ushei, na kofia zao ngumu kichwani, wanakimbia katikati ya njia wakipiga kelele, rudi, rudi, tumesema ndiyo. Upepo uliyachukua maneno yao ukayarudisha nyuma yao. Gari likapanda kilima, likazama, na harufu ya samaki ikaisha.

Nyuma yao Malachy alikuwa akicheka. Alicheka kwa kuwaona, kicheko kizuri, halafu kicheko kikakatika kama uzi na akajikunja.

"Kuna mtu kanikalia hapa," alisema, akionyesha kifua. "Mwambieni ashuke."

Simu zilitolewa zote tatu. Zote zilikuwa vipande vya kioo tu. Mtandao haufiki kwenye majabali yale. Concepta alimwaga mkoba wake wote kwenye majani, vitana, vibanio, mkate wa magadi uliobaki, hadi akapata vidonge vya aspirini vya kichwa chake. Akamtia kimoja mdomoni. "Tafuna. Kitafune, usikimeze kizima. Na wewe, Attracta, panda baiskeli uende, mimi nakaa naye. Usisimame kunitazama!"

Attracta alipanda. Alitazama nyuma mara moja. Malachy alikuwa anamtazama, na macho yake yalikuwa macho ya mtu anayetaka kusema jambo lakini anaona si mahali pake.

Chini, kwenye ghuba ndogo, kulikuwa na safu ya nyumba nyeupe, nzuri, zenye madirisha makubwa yanayotazama bahari. Aliteremka mlima ule bila kugusa breki. Machozi yalimtoka, na hakujua ni ya upepo au yake. Angesema ndiyo jana. Angesema ndiyo leo. Neno moja, silabi mbili, mtoto wa chekechea analiweza. Lakini jana kalizuia, na leo kalizuia, na lililozuiliwa leo ndilo linalomuua Malachy kule juu kwenye majani.

Alibisha nyumba ya kwanza. Alibisha ya pili kwa ngumi. Ya tatu alizunguka nyuma akagonga vioo. "Jamani! Wenyewe! Kuna mtu anakufa!" Ndani aliona viti vimefunikwa shuka, meza imefutwa, kalenda iko kwenye mwezi wa nane. Hapakuwa na gari. Hapakuwa na mbwa. Kando ya kila mlango kulikuwa na kisanduku kidogo cha chuma cha ufunguo, na kila kisanduku kina namba zake za siri. Nikutegee: kijiji changu kizuri, kina milango, kina vitanda, na hakina mtu hata mmoja wa kukwambia pole. Ni nyumba za watu wa likizo, hizo. Mjerumani, Mwingereza, daktari wa Dublin. Wanakuja na jua, wanaondoka nalo.

Akaokota jiwe. Hakuwahi kuvunja kitu cha mtu maishani, hata sahani. Akalipiga dirishani kwa nguvu zote za kumwokoa Malachy, na king'ora kikaanza kulia, kikali, kikapasua ghuba nzima.

"Asante, Bikira Maria," alisema. Sasa watu watakuja.

Alitoka akasimama njiani. Ng'ambo ya ghuba, juu ya mlima, kulikuwa na nyumba moja inayokaliwa kweli. Alijua kwa sababu ilikuwa na nguo kwenye kamba na gari kuukuu uani. Kwenda kule kwa baiskeli ni kuizunguka ghuba yote hadi darajani, kisha mlima. Malachy hakuwa na muda huo. Lakini king'ora kinafika kwa sekunde. Na kweli, mlango ulifunguliwa, mwanamke akatoka. Attracta aliruka, akapunga koti, akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka.

Mwanamke alianua nguo zake, moja moja, akazikunja, akaingia ndani. Hakugeuza hata kichwa.

Attracta alikaa chini kwenye lami.

Alielewa, na kuelewa kulimuumiza kuliko kutoelewa. Hata kwao, jirani na nyumba yake, kuna nyumba ya likizo. King'ora chake kiliwahi kulia Krismasi nzima. Upepo unakiamsha, panya anakiamsha, ndege akikaa juu ya bomba la moshi kinalia. Yeye mwenyewe, Attracta, alifanya nini Krismasi ile? Alifunga dirisha akaongeza sauti ya televisheni. Pwani nzima imezoea. King'ora cha nyumba ya likizo ni kama kelele za shakwe.

"Basi, Mungu," alisema kwa sauti, "nifanye nini sasa? Niambie mara moja tu, sitakataa."

Akajiuliza: ni kitu gani kingemtoa yeye nyumbani kwake, na viatu visivyofungwa, akiacha sufuria motoni? Si kelele. Kelele ni za watu wengine. Lakini akiona nyumba anayoijua ni tupu, ambayo wenyewe aliwapungia mkono siku ile wanaondoka, ghafla inatoa moshi! Hapo hawezi kukaa. Nani yuko kwa Mjerumani? Kaja lini? Kaja na nani, mbona hakupita kusalimia? Hapo hata mwenye goti bovu anatembea.

Alipanda dirishani akaingia. Kioo kilimchana paja. Aliona damu lakini hakusikia maumivu. Sebuleni palikuwa na meko, na kando ya meko kikapu cha yale matofali ya udongo wa kinamasi ambayo ndiyo kuni za huko, yamekauka vizuri, yamepangwa kwa mapambo. Kiberiti kilikuwa juu ya rafu. Alivunja njiti tatu za kwanza. Moto uliposhika, alikimbilia mlangoni, akalichukua zulia la kupangusia miguu lililolowa mvua, akalitupa juu ya makaa.

Moshi ulimrudia usoni kwanza, kisha ukapata njia. Alipotoka nje akikohoa, nguzo nyeusi ilikuwa imesimama juu ya paa la Mjerumani, nene kama shina la mti, na upepo ukaichukua na kuitandaza juu ya ghuba ili kila mwenye macho aione.

Hesabu ya pumzi chache tu, mlango wa ng'ambo ukafunguliwa. Mwanamke akatoka, akaweka mkono juu ya macho. Akaingia ndani. Akatoka tena, safari hii na koti, na gari kuukuu likaanza kushuka mlima, likikokota tela la kondoo ambalo hakuwa na subira hata ya kulifungua.

"Njoo," alinong'ona Attracta. "Njoo, mmbeya wangu mpenzi. Njoo."

Gari lilifika na kichwa cha mwenyewe kiko nje ya dirisha. Alikuwa Delia Munnelly, ndiye anayeshika funguo za nyumba zote zile. "Wewe ni nani wewe? Nani kakuruhusu kuwasha moto kwa Mjerumani? Bomba lile halijafagiliwa tangu..."

"Mama, kuna mtu anakufa kule juu. Moyo."

Delia alifunga mdomo. Aliitazama damu pajani, akautazama mlima. "Panda," alisema.

"Simu yako..."

"Yangu inashika kwenye dirisha la jikoni tu, kando ya sabuni. Lakini usiogope. Kabla sijatoka nilimpigia shemeji yangu kumwuliza nani kaingia kwa Mjerumani. Naye hana siri. Tazama."

Kweli, chini ya mlima walikutana na gari la pili limekuja kutazama moshi, na nyuma yake la tatu. Delia alisimamisha gari katikati ya njia. "Rudini! Pigeni simu! Helikopta, waambieni ishuke uwanja wa mpira! Mtu ana shida ya moyo!"

"Mtu gani?" aliuliza mmoja.

"Utamjua akiwa hai! Rudi!"

Juu, Concepta alikuwa amekaa njiani, kichwa cha Malachy mapajani, akimtukana bila kupumzika. "Ukifunga macho nakunyoa, Malachy Gaughan, haki ya Mungu, nakunyoa kipara, uende mbinguni kama yai. Fungua macho. Mshenzi wee. Fungua." Sauti yake ilikuwa imekauka. Alipowaona, alianza kulia na hakuacha kutukana.

Viti vya nyuma vya gari la Delia vilijaa magunia ya chakula cha kondoo. Wakambeba Malachy hadi kwenye tela, wakamlaza juu ya majani makavu. Mle mlikuwa na kondoo jike mmoja mwenye mguu mbovu. Akasogea pembeni, akawatazama. Attracta aliingia, akachukua kichwa kile, akakiweka mapajani pake penye damu. Tela likaondoka likirukaruka.

Alikuwa baridi. Pumzi yake ilikuwa fupi, inakuja na kusita, kama mgeni anayebisha hodi kidogokidogo.

"Malachy. Unanisikia?"

Alifumba macho na kuyafumbua.

"Lile neno la jana. Jibu langu ni ndiyo. Nilikuwa nangoja uniulize tena, basi. Ndiyo."

Midomo ya Malachy ilisogea. Akainama kusikiliza.

"Usijisumbue," alisema Malachy.

"Nini?"

"Unanihurumia tu. Utapata... tabu bure."

Attracta aliyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi, na roho ilimruka. Huyu mtu anakufa, na anakataa mara ya kwanza. Anakufa kwa adabu!

"Malachy, huu si wakati wa heshima! Nakuomba mimi. Mimi ndiye ninayeuliza sasa. Nioe."

"Tutaona," alisema. "Nikipona." Macho yakaenda juu.

Alimpiga kofi. Alimpiga la pili. Kondoo akalia. "Hiyo ni ya pili," alimwambia, machozi yanamdondokea usoni pake. "Umeshakataa mara mbili. Hufi kabla ya ya tatu, unanisikia? Hakuna mtu aliyelelewa vizuri anayeondoka kabla ya ya tatu."

Uwanja wa mpira ulikuwa umeshazungukwa na magari, taa zote zinawaka kuelekea katikati. Wale waliokuja kwa umbeya wa moshi ndio walikuwa wamesimama pale, kofia mkononi, tasbihi mkononi. Mtu alimnyooshea Attracta kikombe. "Chai, mama?"

"Hapana, asante," alisema, kabla hajajua kwamba amesema. Mdomo hauna haya.

Na ukungu ulikuwa unaingia kutoka baharini.

Waliisikia helikopta kabla ya kuiona, halafu hawakuiona. Ilinguruma juu yao, ikapita, ikazunguka, ikanguruma tena. Watu wote walitazama juu kwenye weupe ule mtupu. Ngurumo ikaanza kusogea mbali, kuelekea baharini, ikawa ndogo, ikawa kama nyuki. Ikaisha.

Concepta alimshika Attracta bega, vidole vinamzama. Chini yao, juu ya majani ya tela, kifua cha Malachy kilipanda. Kilikaa. Kilikaa mno. Kikashuka.

"Washeni na honi!" alifoka Delia. "Taa hazitoshi, washeni kila kitu!"

Haikusaidia lolote, helikopta haisikii honi, hata Delia alijua. Lakini walipiga honi zote, uwanja mzima, kwa sababu binadamu hawezi kusimama tu. Wakapiga mpaka pengine ni Mungu aliyechoka kusikiliza, maana upepo ule uliowatesa siku nzima ulivuta ukungu ukaupasua, na kwenye tundu lile taa nyekundu ikashuka.

Mwanamke mwenye nguo za rangi ya chungwa aliruka chini, na mwenzake nyuma yake. Walimkatia Malachy shati, wakambandika nyaya, wakamvika barakoa ya hewa, wote wakisema maneno mafupi. Machela ikanyanyuliwa. Attracta alikimbia kando yake, kichwa kimeinama chini ya upepo wa mapanga ya helikopta.

"Wewe ni nani wake?" alipiga kelele yule mwanamke. "Mke?"

"Ndicho ninachomwuliza!"

"Unasema?"

"Ndicho ninachomwuliza, hajanijibu!"

Mwanamke yule alimtazama uso, akatazama mkono wa Malachy uliokuwa umemshika Attracta upindo wa koti. "Mwulize upesi, mama," alisema.

Attracta aliinama hadi pua yake ikagusa ile barakoa. "Malachy Gaughan! Hii ni ya tatu! Utanioa?"

Malachy aliinua mkono, ule ule wa kushoto, mzito kama wa mtu aliye majini, akaisogeza barakoa kidogo. Midomo yake ilitengeneza neno. Neno moja, fupi. Mapanga yalilichukua lote. Attracta alitazama midomo ile na hakujua ilisema nini; kwa midomo iliyokauka hivyo, ndiyo na hapana zinafanana. Kisha barakoa ikarudishwa, mlango ukafungwa, na akasukumwa nyuma na upepo hadi akakaa kwenye nyasi.

"Kasema nini?" aliuliza Concepta.

"Sijasikia."

"Hukusikia!"

"Sijasikia, Concepta. Sijasikia."

Delia aliwapeleka kwake. Hakuwauliza kama wanataka. Aliwasukuma ndani, akamfunga Attracta paja, akaweka simu ya Attracta dirishani kando ya sabuni, pale pekee inaposhika. Wakakaa wakiitazama. Jirani mmoja aliingia na mkate, mwingine na nyama ya nguruwe, wote wakaketi ukutani kimya kama wako matangani, na jambo hilo lilimtia Attracta wazimu. Birika lilichemka, likapoa, likachemshwa tena. Yeye hakuwa na hesabu ya saa. Alikuwa na hesabu moja tu: kifua kinapanda, kinakaa, kinashuka. Aliiendeleza kichwani, kana kwamba akiacha yeye, na kule kitaacha.

Simu ilipolia watu wote walisimama, na hakuna aliyeigusa.

"Ni Winifred," alisema Concepta, akisoma jina. "Dada yake. Chukua wewe, Attracta. Mimi siwezi."

Attracta aliinama juu ya sinki, maana simu haikuweza kuondoka pale, akaweka sikio.

"Yu hai," alisema sauti ya Winifred, bila salamu. "Wamemzibua mshipa. Daktari anasema moyo umeumia, hautakuwa kama zamani, lakini yu hai. Attracta? Uko?"

Attracta alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Nyuma yake Concepta alimwona mgongo unavyotikisika akadhani ni msiba, akapiga ukunga, na ukuta mzima ukajibu.

"Hai!" Attracta aligeuka akawafokea. "Hai, nyamazeni, yu hai!"

"Kuna nini huko?" aliuliza Winifred. "Sikiliza, kuna jambo linanitisha. Yale madawa yamemlevya, au hewa haikufika kichwani, sijui. Anasema mambo ya ajabu. Kila nesi anayepita anamwambia eti yeye ana mchumba. Malachy! Hata mchumba mwenyewe hamtaji, anasema mumwulize mwenyewe. Niwaambie madaktari wamtazame kichwa?"

Attracta alifuta pua kwa kitambaa cha vyombo cha Delia.

"Usiwaambie," alisema. "Kichwa chake ni kizima."